Anatetemeka: ni baridi, ni homa, au sukari imeshuka?

Mwezi wa saba Arusha, mtu akitetemeka hakuna anayeuliza sababu. Wingu limelala juu ya mji tangu alfajiri, usiku joto linashuka chini ya nyuzi 15, watu wamevaa sweta mpaka ndani ya daladala. Mzee anayetetemeka kwenye kochi anaongezewa blanketi na mlango unafungwa. Mara nyingi blanketi ndilo jibu. Lakini zipo siku linapofunika tatizo lenyewe: sukari ya mzee imeshuka, na ubongo wake unazidi kukosa chakula huku familia ikimsubiri apate joto. Moshi mwezi wa pili mambo yanageuka. Jua la mchana linapita nyuzi 30, mama anatokwa jasho na kulegea dukani, na jibu la kila mtu ni kwamba joto limezidi.

Mwongozo huu ni wa yule aliye karibu na mgonjwa kabla hajafika hospitali: mke, mjukuu, jirani, mwenye bodaboda, mpagazi mwenzake mlimani. Nusu saa ya kwanza iko mikononi mwake, na inaweza kupotea kwa kubahatisha.

Kwa nini dalili zinafanana

Mwili unalinda mambo mengi, lakini haya mawili unayalinda kwa ukali. Joto la ndani linakaa karibu na nyuzi 37, na sukari ya damu ya mtu mzima asiye na kisukari, kabla ya kula, iko kati ya 3.9 na 5.5 kwenye mashine zetu zinazosoma milimoli kwa lita. Ukiikusanya sukari yote iliyo ndani ya damu ya mtu mzima kwa wakati mmoja, haizidi sana kijiko kimoja cha chai. Ni kidogo hivyo, kwa hiyo inabidi iongezwe na kupunguzwa mchana kutwa na usiku kucha.

Joto linasimamiwa na sehemu ndogo ya ubongo iliyo upande wake wa chini, haipothalamasi. Ukipata baridi, mishipa ya damu ya ngozi inasinyaa ili joto lisitoke, na misuli inaanza kutetemeka ili izalishe joto. Ukipata joto, mishipa inatanuka na jasho linatoka. Sukari inasimamiwa hasa na kongosho. Baada ya kula linatoa insulini, na sukari inaingia kwenye misuli, mafuta na ini. Ukikaa na njaa linatoa glukagoni, na ini linafungua akiba yake. Ini ni kihenge cha sukari, ila ni kihenge kidogo: lina takriban gramu 100, wakati ubongo peke yake unatumia kama gramu 120 kwa siku. Akiba ikipungua, ini lenyewe linaanza kutengeneza sukari mpya kutokana na mabaki ya protini na mafuta.

Sukari ikishuka kupita kiasi, mwili unapiga king'ora kwa adrenalini. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho jembamba linatoka, njaa inabana. Mishipa ya fahamu inayofanya kazi hapo ndiyo hiyo hiyo inayotumika kupambana na baridi na joto, na ndiyo maana mtazamaji anachanganyikiwa. Tena mambo haya mawili yanaharibiana. Kutetemeka kwa baridi kunakula sukari ya misuli. Sukari ikishuka sana, kutetemeka kwa baridi kunakoma na mwili unapoa. Na sukari ikipanda sana, maji yanatoka kwa mkojo mpaka mwili unakosa maji ya kutengenezea jasho.

Anza na mkono wako, kisha mashine

Usishike vidole vyake. Vidole vya nusu ya watu wa mtaa wa Sakina, hapa Arusha, vina baridi saa moja asubuhi, na havikuambii chochote. Ingiza mkono ndani ya nguo, kifuani au tumboni, kisha shingoni kwa nyuma.

Ngozi ya baridi na kavu, fikiria baridi. Ngozi ya baridi iliyolowa, fikiria sukari kushuka, na pia kumbuka mshtuko wa moyo au damu inayovuja ndani, hasa akilalamika kifua kubana au tumbo kuuma sana. Ngozi ya moto, fikiria homa au joto la jua. Huku ukishika, uliza maswali matatu: umekula saa ngapi, unatumia dawa gani, leo umefanya kazi gani. Halafu pima vyote viwili, joto na sukari. Watu wengi hupima kimoja, wakipata namba wanaridhika.

Kama huna mashine na mgonjwa anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi, na bado anaweza kumeza, mpe sukari. Ikiwa kumbe ilikuwa juu, kiasi hicho kidogo hakitabadilisha mengi kwa nusu saa. Ikiwa ilikuwa chini na hukumpa, anaweza kufa.

Anatetemeka na amelowa jasho

Chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka kwa mtu mwenye kisukari. Chini ya 3.0 ubongo unaanza kuyumba: maneno yanavurugika, macho yanaona ukungu, na tabia inabadilika. Mtu mpole anakuwa mkali. Anakisukuma kikombe, anasema hana shida, anamfukuza anayemsaidia. Usigombane naye. Kaa naye, sema kwa upole, mpe tena.

Mpe gramu 15 za sukari inayoingia haraka kwenye damu: vijiko vitatu vilivyojaa vya sukari ndani ya nusu kikombe cha maji, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Mtori nao, pamoja na sifa zake zote, si wa dakika hii, kwa sababu wanga na mafuta yake vinachelewa tumboni. Nyama na karanga ndiyo kabisa. Subiri dakika 15, pima tena, na ikiwa bado iko chini ya 3.9 rudia. Ikishapanda ndipo huo mtori, au ndizi na maharage, au ugali, uletwe ili sukari isishuke upya.

Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali akatiwe sukari kwenye mshipa. Mwambie mpokeaji pale mlangoni, kwa sauti, "Ana kisukari." Neno hilo linaokoa muda kuliko maelezo yote ya safari.

Sasa tafuta sababu, maana isipopatikana tatizo litarudi kesho. Ninayoiona mara nyingi kuliko zote ni chakula kilichochelewa baada ya dawa. Mtu amechoma insulini asubuhi nyumbani Kibosho akijua atakula msibani, ibada ikarefuka, mazishi yakafika saa kumi. Anayekwenda msibani akiwa na insulini mwilini abebe chakula chake, na asione haya kula pembeni. Ya pili ni kazi ngumu ya shamba. Misuli inayofanya kazi inachukua sukari hata bila insulini, na inaendelea kujaza akiba yake kwa saa nyingi baadaye, kwa hiyo aliyelima kihamba mchana anaweza kushuka saa nane usiku. Ya tatu ni figo zilizochoka: dawa inakaa mwilini muda mrefu, na dozi iliyomfaa mwaka jana leo inamzidi. Hapo glibenklamaidi ni ya kuogopwa hasa kwa wazee. Inaweza kuishusha sukari, ukaipandisha kwa soda, ikashuka tena saa kadhaa baadaye. Aliyeshuka kwa dawa hiyo aende hospitali hata kama ameshaamka na anacheka. Metformini ikitumika peke yake ni nadra kuleta hali hii.

Jambo jingine la kuangalia ni dawa za presha za kundi la propranololi na atenololi. Zinazima kutetemeka na mapigo ya moyo kwenda mbio, hivyo king'ora hakisikiki. Jasho linabaki. Kwa mgonjwa anayezitumia, jasho lisilo na sababu ndilo la kuamini.

Anaonekana amelewa

Sehemu hii naiandika kwa uchungu, kwa sababu watu wanakufa kando ya njia huku wapita njia wakiwacheka. Mtu anayepepesuka, anayeongea maneno yasiyoeleweka, aliyelala kwenye mtaro karibu na kilabu, huenda kweli amekunywa mbege. Pombe kuwepo hakuondoi uwezekano wa sukari kushuka, kunauongeza. Ini likiwa linashughulika na pombe linashindwa kutengeneza sukari mpya. Aliyekunywa bila kula anamaliza akiba yake na hakuna inayoletwa, na hali hiyo inaweza kumkuta kesho yake asubuhi, wakati kila mtu anadhani amelala usingizi wa ulevi. Akiwa anatumia dawa za kisukari, hatari ni kubwa zaidi.

Pombe inaharibu na ulinzi wa joto. Inatanua mishipa ya ngozi, mtu anajisikia moto usoni huku joto la ndani likitoka nje. Ukijumlisha usiku wa Julai kule Marangu au Machame, nguo zilizolowa umande, na sukari iliyoshuka inayozuia kutetemeka, unapata mwili unaopoa bila kujitetea. Kwa hiyo "mlevi" aliyelala nje, wa baridi, asiyetetemeka, si wa kuachwa alale mpaka pombe iishe. Mpime sukari. Mwondoe kwenye ubaridi. Mpeleke hospitali.

Kupepesuka kunaweza pia kuwa kiharusi. Mwambie atabasamu na anyanyue mikono yote miwili. Upande mmoja ukilegea, usipoteze muda. Bado upime sukari, kwa kuwa sukari iliyoshuka wakati mwingine inalegeza upande mmoja na kuiga kiharusi, na hiyo inarekebishika kwa dakika chache.

Anatetemeka, ngozi ni kavu

Weka kipimajoto. Kikisoma 39 wakati yeye analia baridi na anataka mablanketi matatu, hiyo ni homa inayopanda. Haipothalamasi imejiwekea kiwango kipya cha juu kwa sababu ya maambukizi, na mwili unatetemeka ili kukifikia. Shuka moja linatosha. Dawa ya kutuliza homa inashusha kile kiwango, lakini ugonjwa wenyewe lazima utafutwe: pima malaria, hasa kwa waliotoka tambarare za kusini mwa Moshi, ambako mbu ni wengi kuliko Kibosho juu. Malaria kali inashusha sukari, zaidi kwa watoto wadogo na wajawazito, na kwinini ikitumika inaishusha zaidi kwa kuchochea kongosho litoe insulini. Mtoto mwenye homa aliyepata degedege au aliyelegea asiamke vizuri apimwe sukari hapo hapo. Kwa mwenye kisukari mambo huwa kinyume: maambukizi mengi yanapandisha sukari, kwa hiyo asiache insulini eti kwa sababu hali chakula. Apime mara nyingi zaidi na awasiliane na kliniki yake kuhusu dozi.

Kipimajoto kikisoma chini ya 35, huo ni ubaridi uliozidi. Vua nguo zilizolowa, kausha, funika kichwa na mwili, mpe chai ya moto yenye sukari kama anameza vizuri. Usimsugue mikono na miguu, usimpe konyagi. Mgonjwa aliyekuwa akitetemeka akaacha huku bado ni wa baridi anazidiwa, hajapona.

Mlimani kuna mshukiwa wa tatu. Kila ukipanda mita 100 joto linapungua kwa karibu nyuzi 0.6, na usiku wa kuelekea Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, baridi iko chini ya sifuri. Mpagazi au mgeni anayepepesuka na kuchanganyikiwa juu ya kambi ya Horombo anaweza kuwa na baridi, sukari iliyoshuka, au ubongo uliovimba kwa sababu ya mwinuko. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, mpe sukari, mkinge na baridi, na mshushe usiku huo huo. Usisubiri mapambazuko ili ujue ni kipi kati ya vitatu, kwa sababu kushuka kunasaidia hata kabla hujajua.

Mtoto mchanga hatetemeki. Njia yake ya kupata joto ni mafuta maalumu yaliyo mgongoni na shingoni, na kuyachoma kunamaliza sukari yake. Mchanga wa baridi anayegoma kunyonya ana uwezekano mkubwa wa kuwa na sukari ya chini pia. Mweke kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mfunike pamoja naye, mkamulie maziwa, na muende hospitali. Kofia peke yake haitoshi.

Jasho la usiku

Shuka linalowa saa nane usiku, asubuhi kichwa kinauma na usingizi ulijaa ndoto mbaya. Kwa anayechoma insulini, apime sukari saa hiyo ya jasho, si asubuhi, kwa sababu mpaka asubuhi inaweza kuwa imeshapanda yenyewe na namba ikadanganya. Asiye na kisukari anayelowa kwa wiki kadhaa, anakohoa na kukonda, apime kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, inajulikana nchi nzima kwa kazi hiyo. Mwanamke wa miaka ya arobaini au hamsini ambaye joto linampanda kifuani na usoni ghafla, kisha likapita, huenda ni hedhi inayoelekea kukoma. Na anayesikia joto mchana na usiku, anakonda huku anakula vizuri, moyo unakwenda mbio, tezi ya shingo yake ichunguzwe.

Joto limemzidi

Jasho linapoza pale linapokauka juu ya ngozi. Likidondoka tu chini halisaidii. Ndiyo maana siku zenye unyevunyevu kabla ya mvua za masika zinachosha Moshi kuliko jua kavu. Anayekata miwa au kubeba zege huanza kwa kichwa kuuma, misuli kukaza na kichefuchefu. Kivuli, maji, chumvi kidogo na mapumziko vinamtosha. Akianza kuweweseka na kipimajoto kinapita 40, hapo ni dharura, hata kama bado anatoka jasho. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha, na usafiri utafutwe huku mkiendelea kumpoza. Panadoli haifai hapa, kwa sababu haipothalamasi haikubadilisha kiwango chake. Mwili umeshindwa kukifuata tu.

Mwenye sukari ya juu anafika hapo mapema kuliko wenzake. Sukari ikipita karibu 10, figo zinaanza kuimwaga kwenye mkojo, na inavuta maji pamoja nayo. Kiu haikatiki, anakojoa usiku mara nne au tano, sisimizi wanakusanyika chooni. Wazee hawasikii kiu vizuri, na wengine wanatumia vidonge vya presha vya kukojoza, hivyo wanakauka kimya kimya. Mpe maji, si juisi. Na mtoto au kijana aliyekonda haraka, anatapika, anahema kwa kina na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, mpime sukari leo hii hata kama mmeshaambiwa ni malaria.

Miguu ya baridi, na jiko chumbani

Mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kusema miguu ni ya barafu ilhali ukishika ni ya kawaida. Mishipa ya fahamu imeharibika. Kosa linalofuata ni kuisogeza kwenye jiko au kuiweka kwenye beseni la maji ya moto, na kwa kuwa hasikii, anaungua mpaka kidonda kinatokea bila yeye kujua. Soksi nene zinatosha. Maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine.

Na jiko la mkaa lililoingizwa chumbani kwa ajili ya baridi linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mkiumwa kichwa watu wawili au watatu wa chumba kimoja, mmelegea na mnataka kutapika, msihangaike na sukari kwanza. Tokeni nje wote.

Mashine inatoa namba za ajabu

Amelala tu, hana dalili yoyote, mashine inasoma 17. Muulize alikuwa anashika nini. Aliyemenya ndizi mbivu au embe ana sukari kwenye kidole, na tone la damu linaichukua. Anawe kwa maji na sabuni, akaushe, apime tena. Vijiti vya kupimia vilivyoachwa kopo wazi vinaharibika kwa unyevu, na kwenye baridi kali mashine nyingi zinakataa kusoma au zinakosea, kwa hiyo mlimani ikae ndani ya koti, karibu na mwili.

Ikiwa mashine iko sawa na sukari haishuki licha ya dozi ile ile, shuku insulini. Ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Inayotumika inavumilia joto la kawaida la chumba lisilozidi nyuzi 30 kwa takriban wiki 4. Moshi mwezi wa pili chumba chenye bati bila dari kinapita hapo, na ndani ya gari lililoegeshwa juani ndiyo usiseme. Nyumba isiyo na friji iweke chupa ndani ya kopo kavu, kopo ndani ya chungu cha udongo kinacholowanishwa kila siku kivulini. Maji yakikauka pembeni yanapoza ndani kwa nyuzi kadhaa. Insulini iliyowahi kuganda itupwe, hata kama imeyeyuka na inaonekana safi.